Ukuta wa Mwaka 1870

Leo tunazungumzia karatasi za sensa. Sizungumzii zile jumla zinazotangazwa na serikali baada ya miezi kadhaa, bali karatasi zenyewe alizojaza karani akiwa mlangoni mwa mtu: jina la mkuu wa kaya, mke, watoto, umri, kazi. Zipo nchi ambazo karatasi hizo zikishapitisha umri uliowekwa na sheria hufunguliwa, na yeyote akaweza kumtafuta humo babu wa babu yake. Wengi wanaoianza kazi hiyo huingia na imani kwamba sensa ni orodha ya watu, na kwamba kumpata mtu ni kulipata jina lake. Naona imani hiyo ndiyo inayowapoteza. Sensa haikuandikwa kwa ajili ya wajukuu. Iliandikwa kujibu maswali ya watawala wa wakati wake, na kila safu iliyomo, na kila safu isiyokuwamo, iliamuliwa na mtu mwenye sababu zake. Anayefika mbali ni yule anayeuliza kwanza serikali ilitaka kujua nini, kisha akasoma yaliyolizunguka jina: jirani ni nani, ardhi ni ya nani, mtoto alizaliwa wapi. Mfano wangu utakuwa wa Wamarekani weusi, kwa kuwa kwao tatizo hili ni kubwa kupita kiasi, na ujuzi wa kulikabili umekomaa.

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 iliagiza watu wahesabiwe kila baada ya miaka kumi. Shabaha ilikuwa kugawana viti vya bunge na mzigo wa kodi. Majimbo ya Kusini yalitaka watumwa wao wahesabiwe ili yapate viti vingi, ya Kaskazini yakakataa, mwisho wakapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu huru watatu. Sensa ya kwanza ikafanyika mwaka 1790 na kuhesabu watu 3,929,214, ambao karibu laki saba kati yao walikuwa watumwa. Toka hapo hadi mwaka 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote, pamoja na mke na watoto wa huyo bwana, walikuwa tarakimu chini ya safu za umri na jinsi. Hata Mzungu anayemtafuta bibi yake wa mwaka 1820 hampati kwa jina, labda awe alikuwa mjane mwenye nyumba yake.

Mwaka 1850 mambo yalibadilika, na hapa tusimame kidogo. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru, mkubwa kwa mdogo. Kwa watumwa palitengenezwa jedwali la pekee. Mapendekezo ya awali yaliyofikishwa bungeni yalikuwa na safu ya majina ya watumwa, lakini maseneta wa Kusini walipinga na safu hiyo ikafutwa, mahali pake pakawekwa namba. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1860. Ukilifungua jedwali hilo leo utaona jina la mmiliki, kisha chini yake mstari baada ya mstari: mwanamume, miaka 35, mweusi, mwanamke, miaka 28, chotara, mtoto wa kike, mwaka mmoja. Zipo safu za waliotoroka, walioachwa huru, viziwi na vipofu, na mwaka 1860 ikaongezwa ya idadi ya nyumba wanamolala watumwa. Mwaka huo watumwa walikuwa 3,953,760, na isipokuwa sehemu chache ambako karani aliandika majina kwa hiari yake au kwa kutoelewa maagizo, wote wamo mle bila jina. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu husema kwamba majina hayo yalipotea. Hayakupotea. Yalikatazwa kuandikwa, na kura ilipigwa.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka minne, utumwa ukafutwa mwaka 1865, na sensa iliyofuata ikawa ya 1870. Hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina mamilioni waliokuwa watumwa, na ndiyo watafuta nasaba wanayoiita ukuta. Mzao wa watumwa anaanza na wazazi wake, anarudi nyuma sensa hadi sensa, 1950, 1940, 1930, anamfikia baba wa babu akiwa mkulima wa kukodi ardhi huko Georgia au Mississippi, na mwaka 1870 anakoma. Ukurasa ulio nyuma ya huo ni lile jedwali la watu wasio na majina. Wamarekani weusi waliokuwa huru kabla ya vita, kama 488,000 mwaka 1860, hawakutani na ukuta huo mahali hapo, maana wamo katika karatasi za kawaida tangu 1850. Lakini hao walikuwa mmoja katika kila tisa.

Anayetafuta jina akifika hapo anarudi nyumbani. Anayesoma maswali ya serikali anaendelea. Karani wa 1870 alipita nyumba hadi nyumba na kuzipa namba kwa mfuatano wa alivyozifikia, kwa hiyo walioandikwa karibu katika ukurasa kwa kawaida waliishi karibu. Aliandika pia thamani ya ardhi na ya mali ya kila mtu, na jimbo alikozaliwa. Sasa tuseme tumeona kaya ya mume wa miaka 40 aliyezaliwa Virginia, mke wa miaka 35 na mtoto wa miaka 12 waliozaliwa Alabama, na kaya nzima haina ardhi. Nyumba ya tatu kutoka hapo anaishi Mzungu mwenye ardhi ya maelfu ya dola. Wengi waliotoka utumwani hawakwenda mbali katika miaka mitano ile ya kwanza. Waliendelea kulima mashamba yale yale kwa mkataba. Basi tunalichukua jina la huyo mwenye ardhi na kurudi nalo kwenye jedwali la watumwa la 1860, tukitafuta chini yake mwanamume wa miaka 30, mwanamke wa miaka 25 na mtoto wa miaka miwili. Tukiwaona, hatujathibitisha lolote, maana shamba la watu 40 halikosi mwanamume wa miaka 30. Tulichopata ni sababu ya kwenda mahakama ya wilaya kufungua wosia na orodha za mirathi za familia ile ya kizungu. Humo, msikilizaji, majina yamo. Bwana alipokufa watumwa wake waligawiwa warithi au walipigwa mnada, na karani wa mirathi hakuweza kumgawa mtu bila kumtaja. Serikali ilipotaka viti vya bunge, tarakimu zilitosha. Warithi walipotaka mali, ilibidi mali hiyo itambulike, kwa hiyo orodha zikaandika jina, pengine la mama na mtoto wake pamoja, na mbele yake bei.

Angalia kwamba katika safari yote hiyo hatukutegemea jina la ukoo la kaya tuliyoanza nayo. Watu wengi, hata baadhi ya waandishi wanaopaswa kujua, hudhani kwamba mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Wapo waliofanya hivyo. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi, yule aliyemmiliki baba au bibi kabla ya kuuzwa, ili ndugu waliotawanyika waweze kutambuana. Wengine walikuwa na majina yao ya ukoo tangu utumwani ambayo mabwana hawakuyajali. Na wengine walichagua jipya kabisa. Anayemsaka mmiliki kwa kufuata jina atawapata wengi, na mwenyewe huenda asiwemo. Heri daftari za benki ile ya waliokombolewa, Freedman's Savings and Trust Company, iliyofunguliwa mwaka 1865 na kufilisika mwaka 1874. Kufilisika kule kuliwadhulumu wenye akiba, lakini daftari zilibaki, na humo mteja aliulizwa majina ya wazazi, ndugu, watoto, mara nyingine hata la bwana na shamba alilotoka, kwa sababu benki ilihitaji kumtambua mtu asiyejua kutia saini. Majina yaliyomo yanapita laki nne.

Wasikilizaji wa rika fulani watamkumbuka Kunta Kinte. Alex Haley alitoa kitabu chake Roots mwaka 1976, na mwaka uliofuata tamthilia yake ya televisheni ikatazamwa na mamilioni. Haley alisimulia kwamba aliingia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, akapitia filamu za sensa ya 1870 za wilaya ya Alamance, North Carolina, akamwona mhunzi Tom Murray, mkewe Irene na watoto wao, sawasawa na alivyosimuliwa na bibi yake. Sehemu hiyo ilisimama imara, maana hadithi ya ukoo na karatasi zilikutana. Matatizo yalianza nyuma ya ukuta. Haley aliamini kwamba Kunta Kinte, babu yake wa mbali, alifikishwa Annapolis mwaka 1767 na meli iitwayo Lord Ligonier, akapewa jina Toby katika shamba la familia ya Waller huko Virginia. Mwaka 1981 wanahistoria wawili, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, walionyesha kwamba mtumwa aitwaye Toby alikuwa tayari anatajwa katika nyaraka za akina Waller kabla meli hiyo haijatia nanga. Haley alikuwa na jina la mtu na jina la meli, akayafunga pamoja. Simtaji ili kumkejeli. Kitabu chake kiliwafungua macho watu wengi kuliko watafiti wote waliomkosoa. Lakini tazama mpasuko ulipotokea. Alikokuwa na kaya nzima, yaani umri, kazi, mke na watoto kwa mpangilio, alisimama. Alikobaki na jina tupu, alianguka.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito. Watasema sensa zenyewe ni mbovu, kwa nini tuziamini? Ubovu upo. Ofisi ya sensa ya Marekani yenyewe ilikadiria baadaye kwamba ile ya 1870 iliwaruka zaidi ya watu milioni moja katika majimbo ya Kusini. Umri ulikadiriwa, ndiyo maana wenye miaka 30, 40 na 50 ni wengi kuliko inavyowezekana kimaumbile. Rangi iliamuliwa na karani kwa jicho lake, hata mtu mmoja akawa mweusi mwaka 1870 na chotara mwaka 1880 bila ngozi yake kubadilika. Karatasi za 1870 hazikueleza nani ni nani ndani ya nyumba. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa mwaka 1880, kwa hiyo mwanamke uliyemdhani mke yawezekana alikuwa dada. Sehemu kubwa ya karatasi za sensa ya 1890 iliharibika katika moto uliozuka Washington mwezi Januari 1921, na karibu mabaki yote yakaharibiwa baadaye kwa idhini ya serikali. Yote hayo ni kweli, na yote yanampinga mtafuta jina, anayetegemea mstari mmoja wa mwaka mmoja. Hayampingi anayelinganisha. Sensa ya 1880 inasahihisha uhusiano ambao ile ya 1870 iliunyamazia, na tena inauliza wazazi wa kila mtu walizaliwa jimbo gani. Sensa ya 1900 inamwuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, swali linalofichua watoto waliozaliwa na kufa katikati ya sensa mbili. Karani mmoja akikosea umri kwa miaka mitano, haielekei makarani wanne wa miaka tofauti wakosee kwa namna ile ile mpangilio wa watoto sita.

Pingamizi la pili ni la kisasa: siku hizi kuna vipimo vya vinasaba, karatasi za nini? Kipimo cha vinasaba kinaweza kusema kwamba wewe na mtu fulani wa Louisiana ni binamu wa mbali. Hakisemi babu yenu aliitwa nani wala alifikaje huko. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272, na sehemu ya fedha ikaenda kuokoa chuo cha Georgetown kilichokuwa na madeni. Kwa kuwa ilikuwa biashara, orodha zilitunzwa, zikiwa na majina na umri, na safari hii zilitaja hata familia. Baada ya habari hizo kuenea mwaka 2016, wazao wengi walitambuliwa kwa kuziunganisha orodha zile na vitabu vya ubatizo vya parokia za Louisiana, na sensa ya 1870 na zilizofuata. Kwa wengine vinasaba vilithibitisha yaliyokwisha kuonekana, ama vilielekeza mahali pa kutafuta. Ila kilichowaunganisha watu na familia zao kwa majina ni karatasi.

Pingamizi la tatu linatoka kwetu. Sisi tuna wazee, tuna nasaba zinazohifadhiwa kichwani na vitabuni, karatasi za serikali zitatuongezea nini? Nauheshimu utaratibu huo, lakini niulize: nasaba za nani? Katika pwani yetu zilizotunzwa kizazi baada ya kizazi ni za masharifu, za koo za Kiarabu, za wenye miji. Aliyeletwa na msafara kutoka Ziwa Nyasa akiwa mtoto hakuwa na wa kumtunzia, na alipoachwa huru mara nyingi wazao wake walijinasibisha na ukoo wa aliyemmiliki. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kizazi kimoja baadaye sensa za Zanzibar zinaonyesha jambo la kushangaza. Kati ya ile ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojitaja kuwa Waswahili iliporomoka kutoka makumi ya maelfu hadi elfu chache, huku Washirazi wakiongezeka. Watu hawakuhama wala kufa. Walibadilisha jibu, kwa sababu wakati ule kabila lililoandikwa lilianza kuwa na uzito katika mambo ya serikali, na kwa sababu waliokuwa wakidharauliwa kwa asili yao walipata nafasi ya kujitaja upya. Mzee anayesema leo "sisi ni Washirazi tangu zamani" huenda anarudia, kwa imani safi, jibu ambalo bibi yake alimpa karani. Simulizi nayo ni nyaraka, na inasomwa vilevile: kwa kuuliza nani aliulizwa, na jibu lipi lilikuwa na faida siku ile.

Msikilizaji wa Tanga au Machakos hana jedwali la kufungua kama la Alabama. Makadirio ya kikoloni ya kabla ya Vita vya Pili kwa sehemu kubwa yalitegemea orodha za kodi, maana alichotaka mtawala kujua kuhusu Mwafrika ni nyumba ngapi na shilingi ngapi. Wajerumani walianza kodi ya nyumba mwaka 1897, Waingereza wa upande wa Kenya mwaka 1901. Sensa ya kwanza ya kisasa ya Afrika Mashariki ikaja mwaka 1948, na kilichochapishwa ni majedwali ya jumla. Kwa hiyo anayemtafuta babu wa miaka ya 1920 afuate kanuni ile ile niliyoieleza kwa Wamarekani: aende kwa aliyehitaji kumtambua mtu mmoja mmoja. Wamisheni walihitaji, wakaandika vitabu vya ubatizo pale Bagamoyo tangu miaka ya 1860 na Freretown, karibu na Mombasa, kuanzia miaka ya 1870. Kadhi alihitaji, akaandika mirathi na ndoa. Shirika la reli lilihitaji, kwa sababu lililipa mishahara.

Linabaki swali la karatasi tunazozijaza sisi wenyewe. Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022 zilihesabu watu kwa vifaa vya kielektroniki, majina yakiingia moja kwa moja. Sheria za takwimu za nchi zote mbili zinakataza kutoa taarifa za mtu binafsi, na ni vema. Wanaotaka usiri wa milele wana hoja ambayo sitaipuuza: Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vikatumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua wa kuuawa. Marekani nako ofisi ya sensa ilitoa takwimu zilizosaidia kuwakusanya Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili. Lakini hatari hizo ni za walio hai, na dawa yake ni muda. Marekani hufunga karatasi kwa miaka 72, Uingereza kwa 100. Australia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiziharibu fomu baada ya kuhesabu, ilianza mwaka 2001 kumwuliza kila mtu kama anakubali taarifa zake zitunzwe na kufunguliwa baada ya miaka 99, na zaidi kidogo ya nusu wakakubali. Swali la namna hiyo linatosha katika fomu yetu. Sensa ya Kenya inayofuata ni ya 2029, ya Tanzania 2032 ikiwa mwendo wa miaka kumi utashikwa. Aprili ya mwaka huohuo wa 2032 Marekani itafungua karatasi za 1960. Kamati zinazotunga maswali hukaa miaka miwili mitatu kabla ya makarani kutumwa, kwa hiyo anayetaka safu hiyo iwemo aanze kuisema sasa.